Kabla Granaiti Haijafika: Sayansi Iliyojificha Kwenye Makabati ya Jikoni

Umejenga, au unakarabati. Umefika jikoni. Fundi seremala ameshapewa advansi ya makabati, na kule kwenye yadi ya mawe umeshachagua bamba la granaiti linalokupendeza. Hapo watu wengi huona kazi imebaki ya kuunganisha tu: kabati chini, jiwe juu, sinki katikati, basi.

Ukweli ni kwamba hatua iliyo kati ya makabati na jiwe ndiyo inayoamua kama pesa yako itadumu miaka 20 au miezi 6. Ubao ukikatwa vibaya unaongezewa kipande, unapigwa gundi na rangi, maisha yanaendelea. Jiwe likikatwa vibaya halirudi. Na likishakaa juu ya makabati yaliyopinda, litapasuka siku moja bila kukuaga.

Habari njema ni kwamba karibu kila kinachohitajika hapa umeshakisoma shuleni: kani, Pythagoras, asidi, msongamano wa gesi. Twende taratibu, na kalkuleta ya simu iwe karibu.

Kwanza, jiwe lina uzito gani?

Granaiti ina msongamano wa takriban kilo 2,700 kwa mita moja ya ujazo. Chukua kaunta ya kawaida: urefu mita 3, upana sentimita 60, unene sentimita 2. Zidisha 3 × 0.6 × 0.02, unapata mita za ujazo 0.036. Zidisha na 2,700, unapata kilo 97. Hiyo ni karibu mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, na hujaweka sufuria hata moja. Ukichagua unene wa sentimita 3, uzito unafika karibu kilo 146.

Kilo 97 zikisambaa sawasawa kwenye makabati matano, kila moja linabeba chini ya kilo 20. Hakuna tabu, hata kabati la bei nafuu linaweza. Tatizo linakuja pale uzito usiposambaa. Makabati yakipishana kimo kwa milimita 3 tu, jiwe halitajikunja lifuate umbo lake. Litakaa kwenye yale yaliyo juu na kuning'inia hewani juu ya yaliyo chini.

Jiwe linapenda kubanwa, halipendi kuvutwa

Weka rula ya plastiki juu ya vitabu viwili, kisha ibonyeze katikati. Upande wa juu wa rula unabanwa, upande wa chini unavutwa. Kitu chochote kinachopindishwa kinapata hayo mawili kwa wakati mmoja.

Ubao na chuma vinavumilia yote mawili. Jiwe hapana. Granaiti ikibanwa inastahimili mzigo wa kilo 1,000 hadi zaidi ya 2,000 kwa kila sentimita moja ya mraba. Lakini ikipindishwa, kwa kawaida huvunjika mkazo ukifika kilo 100 hadi 200 hivi kwa sentimita ya mraba. Ni sehemu moja ya kumi. Sababu ni kwamba ndani ya jiwe kuna nyufa ndogondogo zisizoonekana kwa macho. Ukilibana, nyufa zinafungwa. Ukilivuta, zinafunguka, na ufa ukishaanza kutembea hakuna cha kuuzuia.

Sasa tazama sehemu dhaifu kuliko zote kwenye kaunta: mbele ya sinki. Fundi akishatoa tundu la sinki, mbele panabaki ukanda mwembamba, tuseme upana sentimita 7, unaovuka uwazi wa sentimita 60. Chukulia hauna kitu chini yake. Jumamosi moja mtu wa kilo 70 anapanda kubadilisha balbu na kukanyaga hapo katikati. Je, utahimili?

Kwa mzigo ulio katikati, nguvu ya kupindisha ni mzigo mara urefu, gawa kwa 4: 70 × 60 ÷ 4 = 1,050. Uwezo wa ukanda kupinga kupinda ni upana mara unene mara unene, gawa kwa 6: 7 × 2 × 2 ÷ 6 = 4.67. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: kilo 225 kwa kila sentimita ya mraba. Granaiti nyingi zingeshavunjika.

Rudia hesabu kwa unene wa sentimita 3: 7 × 3 × 3 ÷ 6 = 10.5, na mkazo unashuka hadi kilo 100. Unene umeongezeka mara 1.5, lakini mkazo umepungua mara 2.25, kwa sababu unene unaingia kwenye hesabu mara mbili. Bado si salama sana, ila umeona jinsi sentimita moja inavyobadilisha mambo.

Dawa ya bei rahisi si kununua jiwe nene. Ni kumwambia seremala aweke ubao imara wa kulala mbele na nyuma ya tundu la sinki, uguse jiwe kutoka chini. Hapo uzito wa huyo mtu unapita kwenye jiwe kwa kulibana na kuingia kwenye ubao, na kubanwa ndiko jiwe linakokupenda. (Na tafadhali, tumia ngazi.)

Jambo lingine kuhusu hilo tundu: pembe zake zisiwe kali. Kwenye kona kali mkazo unakusanyika sehemu moja, kama karatasi unayoichanja kidogo ili ichanike kirahisi. Fundi mzuri hutoboa kwanza matundu ya duara kwenye pembe nne, kisha anakata mstari kutoka tundu hadi tundu. Kona ikiwa ya mviringo, mkazo unatawanyika.

Ndiyo maana pia mafundi wa mawe hubeba bamba likiwa wima, kama wanavyobeba kioo. Bamba la upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 2 likisimama kwa ubavu lina uwezo wa kupinga kupinda mara 30 kuliko likilazwa. Ukiona watu wamelibeba limelala kama godoro, waambie wasimame kwanza.

Usawa: muulize maji

Kwa hiyo makabati lazima yawe kwenye usawa mmoja. Utajuaje?

Fundi wengi hutumia pima maji, ile rula yenye kichupa chenye povu la hewa. Ni kifaa cha zamani. Mfaransa Melchisédech Thévenot alikibuni miaka ya 1660. Kabla hujakiamini, kipime chenyewe: kiweke juu ya meza, tazama povu limekaa wapi, kisha kigeuze, mwisho wa kushoto uwe kulia. Povu likikaa palepale, pima maji yako ni mzima. Likihama, ameanguka mara nyingi mno.

Hata akiwa mzima, ana tatizo la umbali mrefu. Tuseme anakosea milimita 1 kwa kila mita. Ukimsogeza mara tatu ukutani, kosa linajumlishwa na kufika milimita 3. Hizo ndizo milimita 3 tulizosema hapo juu.

Kwa umbali mrefu tumia mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, umejazwa maji. Shika mwisho mmoja kwenye kona hii, mwenzako ashike mwingine kona ile. Maji yakitulia, ncha zote mbili ziko kwenye kimo kimoja, hata kama mpira umezunguka mlango na kupita nyuma ya friji. Sababu yake ni kwamba shinikizo la maji linategemea kina tu, halijali umbo la mpira. Upande mmoja ukiwa juu zaidi, shinikizo lake linasukuma maji upande wa pili mpaka yalingane. Kosa la mita ya kwanza haliongezeki kwenye mita ya tatu.

Sharti ni moja: kusiwe na povu la hewa ndani ya mpira. Povu lililoziba mpira linachukua nafasi ya maji lakini halina uzito wake, hivyo upande huo utasimama juu kuliko unavyostahili na utadanganywa bila kujua. Tia rangi kidogo au jusi ya unga kwenye maji ili uyaone vizuri, kisha inua mpira na uugongegonge hadi mapovu yote yatoke.

Ukishapata usawa, piga mstari ukutani kuzunguka jiko lote, tuseme karibu mita 1 kutoka chini. Halafu chukua futi, pima kutoka kwenye mstari kwenda sakafuni kila baada ya nusu mita. Pale umbali unapokuwa mfupi kuliko kote, ndipo sakafu ilipo juu kuliko kote. Anzia hapo. Kabati lililo mahali pa chini unaweza kuliinua kwa kabari au kwa miguu ya kuzungusha. Kabati lililo mahali pa juu huwezi kulizamisha kwenye vigae.

Na kimo? Kilichozoeleka ni sentimita 90 hadi juu ya jiwe. Kwa hiyo kama jiwe ni sentimita 3, kabati liishie 87. Kama ni 2, liishie 88. Lakini 90 si amri. Simama wima, kunja mkono kama unashika kisu, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kaunta ikiwa chini ya hapo kwa sentimita 10 hadi 15, mgongo wako hautalalamika. Kama mpishi mkuu wa nyumba ni mama mwenye kimo kifupi, mpime yeye, usimpime fundi.

Kona yako si mraba, niamini

Chumba kikiwa na kaunta yenye umbo la L, kuna swali la kona. Machoni inaonekana ni nyuzi 90. Ipime kwa njia ya 3, 4, 5: weka alama sentimita 60 kutoka kwenye kona kwa ukuta mmoja, sentimita 80 kwa ukuta mwingine, kisha pima moja kwa moja kati ya alama hizo mbili. Ikiwa 100 kamili, kona ni mraba, kwa sababu 60 × 60 + 80 × 80 = 100 × 100. Ikizidi 100, kona imefunguka. Ikipungua, imefumba.

Unaweza kusema, nyuzi moja ikikosewa ina shida gani? Kwenye kina cha sentimita 60, nyuzi moja inazaa mwanya wa takriban sentimita 1. Kwenye ukuta wa mita 3, inazaa zaidi ya sentimita 5. Fundi wa mawe akikata kwa vipimo vya "urefu na upana" alivyoandikiwa kwenye meseji, bamba litakuwa mraba kamili na ukuta hautakuwa. Kuanzia hapo ni kukata ukuta au kujaza silikoni nene kama kidole.

Kwa hiyo: jiwe lisipimwe kabla makabati hayajafungwa ukutani. Makabati yakishakaa, tandika juu yake maboksi yaliyofunguliwa au vipande vya plaiwudi nyembamba, ukate kigezo kinachofuata ukuta ulivyo, pamoja na mapindo yake. Andika juu ya kigezo: upande wa juu ni upi, ukuta uko wapi, sinki inakaa wapi, jiko linakaa wapi. Fundi wa mawe akate kwa kufuata kigezo hicho. Aache mwanya wa milimita 2 au 3 ukutani, utakaojazwa silikoni, kwani jiwe nalo hutanuka kidogo kwa joto: bamba la mita 3 likipata joto la nyuzi 30 zaidi, linarefuka kwa karibu milimita 0.7. Lisipopata pa kwenda, litasukuma.

Ubao unakunywa hewa

Sasa makabati yenyewe. Ubao haukauki ukaisha. Unaendelea kubadilishana unyevu na hewa mpaka viwiane. Hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 50, ubao hutulia ukiwa na maji kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ikiwa asilimia 80, kama siku nyingi za pwani, hutulia karibu na asilimia 16.

Ubao unapoongeza au kupunguza maji, upana wake unabadilika; urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Kwa mbao nyingi, upana hubadilika kwa takriban robo ya asilimia kwa kila asilimia moja ya unyevu. Mlango wa mbao tupu wenye upana wa sentimita 50, ukitengenezwa sehemu kavu kama Dodoma na kufungwa Tanga, unaweza kuongezeka asilimia 4 za unyevu. Hiyo ni asilimia 1 ya upana: milimita 5. Mlango uliofunga vizuri karakana unagoma kufunga nyumbani, na fundi analaumiwa kwa kosa la hali ya hewa.

Aina ya mti ina mchango wake. Mninga unapendwa na maseremala kwa sababu hubadilika kidogo kuliko mbao nyingi. Paini ambayo imevunwa majuzi na haijakaushwa itakusumbua. Vyovyote iwavyo, leta mbao au makabati ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya kuyafunga, yazoee hewa ya hapo. Lipu na zege vikiwa bado vibichi, subiri. Vinatoa maji mengi hewani.

Plaiwudi inapunguza tatizo hili kwa akili nzuri sana: matabaka membamba ya mbao yamegundishwa yakipishana, moja limelala, linalofuata limesimama. Tabaka linalotaka kutanuka linazuiwa na jirani yake. MDF nayo ni unga wa nyuzi za mbao ulioshindiliwa na gundi. Uso wake ni laini na unapokea rangi vizuri, ila kingo zake ni kama sifongo. Maji yakiingia, nyuzi zilizoshindiliwa zinafumuka, na hazirudi zilivyokuwa hata zikikauka. Kama kabati la sinki ni la MDF, hakikisha kila ukingo uliokatwa umezibwa, pamoja na lile tundu la bomba ambalo fundi wa maji alilitoboa kwa haraka na hakuna aliyelitazama tena. Na kabati lisikae sakafuni moja kwa moja. Miguu ya plastiki au kitako cha saruji chenye vigae kinaokoa kabati siku ukipiga deki kwa ndoo.

Kabati la juu linakuvuta kutoka ukutani

Kabati la ukutani lililojaa sahani linaweza kufika kilo 60. Watu hudhani skrubu zinabeba uzito wa kushuka tu. Kuna kingine: uzito huo uko mbele ya ukuta, tuseme sentimita 15, kwa hiyo kabati linataka kupinduka kuja kwako. Skrubu za juu zinavutwa kutoka ukutani, na chini kabati linasukuma ukuta.

Kama skrubu ziko sentimita 65 juu ya ukingo wa chini wa kabati, mvuto ni 60 × 15 ÷ 65, karibu kilo 14. Kama fundi amefunga katikati tu, sentimita 35, mvuto unakuwa karibu kilo 26. Skrubu zilezile, ukuta uleule, kazi karibu mara mbili. Basi skrubu zikae juu, na zipite kwenye ubao mnene wa nyuma, zisishike ile plaiwudi nyembamba ya mgongo peke yake. Ukuta wa tofali zenye matundu unahitaji plagi ndefu zinazofaa tofali hizo. Ile fupi ya kutundikia saa inaweza kuishia kwenye uwazi.

Mtungi wa gesi: toboa chini, usitoboe juu

Tanzania ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kwa wengi maana yake ni mtungi wa gesi. Wengi huuficha ndani ya kabati. Kabla hujafanya hivyo, fanya hesabu ndogo ya kemia.

Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Molekuli ya propani ina uzito wa 44, ya butani 58. Wastani wa hewa ni 29. Kwa hiyo gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa mara 1.5 hadi 2. Ikivuja, inashuka na kutuama chini ya kabati kama maji kwenye beseni, ikisubiri cheche. Tundu la kupitishia hewa lililo juu ya kabati halitaisaidia kutoka.

Mahali salama zaidi pa mtungi ni nje ya nyumba, palipo na kivuli, bomba likiingia kupitia ukutani. Kama lazima ukae kabatini, kabati hilo liwe na uwazi mpana usawa wa sakafu, lisiwe na soketi ya umeme ndani, na lisiwe na mfereji au shimo la maji machafu karibu ambamo gesi inaweza kuzama. Haya ni mambo ya kumwambia seremala kabla hajakata ubao.

Je, hilo ni granaiti kweli?

Kwa muuzaji, kila jiwe linalong'aa ni granaiti. Kwa mwanajiolojia, granaiti ni jiwe lililotokana na magma iliyopoa polepole chini ya ardhi, lenye kwazi, feldispa na mika. "Granaiti nyeusi" nyingi kwa kweli ni gabro au doleraiti: zinafaa jikoni vizuri tu, ila ni nzito zaidi. Ukali wa kwazi kwenye kipimo cha Mohs ni 7. Kisu cha chuma ni kama 5.5. Ndiyo maana kisu hakichubui granaiti, granaiti ndiyo inabutua kisu.

Marumaru ya kweli ni jambo jingine. Ni kalisi kabonati, ukali wake ni 3, na inaliwa na asidi. Limao, siki, ukwaju, nyanya: vyote vinaacha doa lililofifia, kwa sababu asidi inayeyusha uso uliong'arishwa na kutoa kaboni dayoksaidi. Terazo inabeba udhaifu uleule, kwani imetengenezwa kwa saruji na mara nyingi vipande vya marumaru. Omba kipande cha jiwe kilichobaki, dondoshea limao, kiache robo saa, kisha futa. Kikibaki kinang'aa, vizuri. Dondosha na maji mahali pengine: jiwe likigeuka jeusi ndani ya dakika 10 au 15, linanyonya, na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kabla mafuta na manjano havijalifikia.

Vumbi ni la nani?

Tumalizie na jambo ambalo halionekani kwenye bei. Fundi anapokata granaiti kwa grainda bila maji, wingu jeupe linatoka. Chembe unazoziona si hatari sana; pua inazikamata. Hatari ni zile usizoziona, ndogo kuliko maikromita 4 hivi, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Hizo zinafika mwisho kabisa wa mapafu. Zikiwa za kwazi, mwili hauwezi kuziyeyusha. Mapafu yanaweka kovu kuzizunguka, kovu linaongezeka, pumzi inapungua. Ugonjwa huu unaitwa silikosisi. Hauna tiba, na unaongeza uwezekano wa mtu kupata kifua kikuu, ugonjwa ambao kwetu tayari ni mzigo.

Granaiti kwa kawaida ina kwazi robo hadi theluthi, wakati mwingine zaidi. Yale mabamba ya kutengenezwa kiwandani kwa unga wa kwazi na gundi yanaweza kuzidi asilimia 90. Australia iliona vijana wanaoyakata wakiugua, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikayapiga marufuku.

Suluhisho lipo na halina gharama kubwa: maji. Tone la maji linakamata vumbi kabla halijapaa. Lipa jiwe likakatwe yadi, kwenye mashine yenye maji. Kama kuna kipande kidogo lazima kirekebishwe nyumbani, kikatwe nje, mtu akimwagia maji kwa uangalifu huku umeme wa kifaa ukiwa salama, na fundi avae barakoa ya vumbi inayobana vizuri. Kitambaa usoni hakizuii chembe hizo. Vumbi lililoanguka lifutwe kwa kitambaa kibichi. Ukilifagia kavu, umelirudisha hewani, na safari hii wanaolivuta ni watoto wako.

Vumbi la MDF nalo si la kuchezea: vumbi la mbao na formaldehaidi iliyo kwenye gundi zake nyingi vyote vimeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kata nje, fungua madirisha siku za mwanzo.

Mpangilio wa kazi, kwa kifupi

1. Mabomba na nyaya za umeme zimalizike, lipu ikauke.
2. Piga mstari wa usawa kwa mpira wa maji, tafuta sehemu ya juu ya sakafu.
3. Funga makabati ya juu kwanza, ili usilale juu ya yale ya chini unapofanya kazi.
4. Panga makabati ya chini kuanzia kwenye kona, yafungane yenyewe kwa yenyewe, kisha ukutani.
5. Weka mbao za kushikilia jiwe mbele na nyuma ya sinki.
6. Sinki na jiko la kupachika viwepo mkononi. Picha ya simu haipimiki.
7. Chukua kigezo, jiwe likakatwe kwa maji.
8. Laza jiwe, jaza silikoni, kisha weka vigae vya ukutani kuanzia juu ya jiwe.

Kati ya hatua ya 5 na ya 7 fanya jaribio moja. Chukua ubao mrefu ulionyooka, ulaze juu ya makabati yote, kisha jaribu kupitisha kadi ya simu chini yake, kabati baada ya kabati. Kadi ya aina hiyo ina unene wa karibu milimita 0.8. Isipopita popote, mpigie fundi wa mawe aje kupima. Ikipita, mpigie seremala kwanza, na fedha yake ya mwisho ibaki mfukoni mwako mpaka arudi na kabari.